Istanbul kwa siku mbili bila kukimbizana

Wafanyabiashara wa nguo wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaijua Istanbul kwa mtaa mmoja: Laleli. Wanatua, wanachukua chumba hapohapo, wanazunguka maduka ya jumla, wanafunga mzigo wa kargo na kurudi nyumbani. Kutoka kituo cha tramu cha Laleli hadi Sultanahmet, penye Ayasofya na jumba la masultani, ni vituo vitatu tu. Wapo waliokwenda miaka nenda rudi na hawajawahi kushuka hapo.

Halafu yupo mtalii wa siku mbili aliyebeba orodha ya vitu ishirini kwenye simu. Anafika lango la Topkapı Jumanne asubuhi, limefungwa. Anakimbilia Msikiti wa Buluu, anaambiwa asubiri swala iishe. Jioni miguu imevimba na nusu ya orodha haijaguswa. Wote wawili wangesaidiwa na jambo lilelile: kuangalia siku kabla ya kuangalia vivutio.

Basi chukua kalenda kwanza. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne. Dolmabahçe, jumba la karne ya 19 lililo kando ya maji, hufungwa Jumatatu. Soko Kuu lenye paa, ambalo Waturuki huliita Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili, na sikukuu za Idi pia. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka swala ya Ijumaa imalizike. Ukiyaweka hayo pamoja, Jumatano na Alhamisi ndizo siku mbili zisizo na usumbufu. Kwa aliyekwenda kununua bidhaa, hesabu ni nyingine: Jumapili maduka mengi ya Laleli hufungwa, na hiyo ndiyo siku yake ya kutembea, mradi asitegemee Soko Kuu.

Saa hazina shida. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi tena majira ya saa, na saa yake ni ileile ya Afrika Mashariki, mwaka mzima. Ila kuna jambo moja la kuzingatia. Kwa kuwa nchi hiyo iko mbali kaskazini, Desemba na Januari jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kuzama yapata saa kumi na mbili jioni. Mchana ni mfupi na baridi ni kali, theluji nayo huanguka baadhi ya siku. Julai na Agosti ni joto na foleni. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya mtu mwenye siku chache.

Kuhusu viza, usimsikilize mtu wa kijiweni. Masharti hutegemea pasi yako, na kwa pasi za nchi nyingi za Afrika viza ya mtandaoni hutolewa tu kwa mwenye viza au kibali halali cha Marekani, Uingereza, Ayalandi au nchi za Schengen. Wengine huomba ubalozini. Tovuti rasmi ya viza ya mtandaoni ni evisa.gov.tr; nyingine zinazofanana nayo ni za madalali wanaoongeza ada yao juu. Kama unapita tu kwenda Ulaya au Marekani kwa ndege ya Turkish Airlines, na mapumziko yako ni kati ya saa 6 na 24, shirika hilo lina matembezi ya mji ya bure kwa abiria wake. Ni mazuri kwa kuonja, lakini nayo yanataka uwe na ruhusa ya kuingia nchini.

Malazi yasikuumize kichwa. Mji wa kale umekaa juu ya vilima, na hoteli inayoonekana kwenye ramani kuwa mita mia tatu kutoka Ayasofya inaweza kuwa mita mia tatu za kupanda ngazi. Kigezo changu ni kimoja: iwe dakika tano kwa miguu kutoka kituo chochote cha tramu ya T1. Sirkeci, Gülhane, Çemberlitaş na hiyohiyo Laleli, zote zinafaa. Laleli ni nafuu zaidi na hukosi Mwafrika mwenzako wa kukuelekeza.

Uwanja mpya wa ndege uko kama kilomita 40 kutoka mji wa kale. Teksi ni ghali na foleni ya jioni haina huruma. Yapo mabasi ya Havaist, na ipo treni ya M11 inayokwenda Gayrettepe. Hapo unabadilisha na kupanda M2 hadi Vezneciler, umbali mfupi kwa miguu kufika Laleli. Kabla ya kupanda chochote nunua kadi ya usafiri, Istanbulkart, kwenye mashine za vituoni, uijaze fedha kidogo. Kadi hiyo inatumika kwenye tramu, treni, mabasi na vivuko. Ukitua Sabiha Gökçen, uwanja wa upande wa Asia, treni ya M4 itakufikisha Kadıköy, na kutoka Kadıköy unavuka kwa kivuko. Kusema kweli, huko ndiko kuingia Istanbul kunakopendeza: mji unakujia kutoka majini, minara yote ikiwa mbele yako.

Siku ya kwanza ni ya Sultanahmet. Watu wengi huanza na Ayasofya, na wana haki. Mfalme Justinian aliijenga kama kanisa kuanzia 532 hadi 537, miaka mitano tu, na kuba lake lina upana wa mita 31 hivi. Sultan Mehmed wa Pili alipouteka mji 1453 akaligeuza msikiti. Katika miaka ya 1930 likawa makumbusho. 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa mlango wao, hupandishwa ghorofani na hulipa euro 25. Chini ni pa wanaoswali. Mwislamu anayekwenda kuswali hahitaji tiketi, anaingia kwa mlango wa waumini. Lakini ajue kwamba mosaiki maarufu ziko juu, kwenye njia ya watalii.

Ukipanda, usiishie kupiga picha ya kuba. Nenda upande wa kusini wa ghorofa. Ukutani kuna mosaiki ya Yesu akiwa kati ya Maria na Yohana Mbatizaji. Sehemu yake ya chini imebanduka na kupotea, nyuso zimebaki, na mwanga wa dirishani unaziangukia kutoka upande uleule ambao fundi alichorea vivuli. Karibu na hapo, kwenye ukingo wa marumaru, tafuta mikwaruzo iliyofunikwa kwa kioo. Ni maandishi ya askari wa kukodiwa kutoka Skandinavia waliowalinda wafalme wa Bizanti, waliotawala mji huu kabla ya masultani. Herufi zinazosomeka zinatoa jina Halvdan. Hapana shaka ibada ilikuwa ndefu na kijana alikuwa na kisu.

Ng'ambo ya uwanja kuna Msikiti wa Buluu, uliojengwa 1609 hadi 1616, wenye minara sita na vigae vya Iznik zaidi ya 20,000. Kuingia ni bure. Hapa ndipo saa za swala zinapoamua: wageni husimamishwa kabla ya adhana na kuruhusiwa tena swala ikiisha, kwa hiyo angalia saa ya adhuhuri ya siku hiyo na ufike mapema asubuhi. Mwanamke afunike nywele, mwanamume asivae kaptura, na viatu vinavuliwa. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza mambo. Hakuna haja ya kununua mtandio mlangoni.

Birika la chini ya ardhi, Yerebatan, liko hatua chache tu. Nalo ni la Justinian, lina nguzo 336, na kwenye kona ya mbali nguzo mbili zimesimama juu ya vichwa vya mawe vya Medusa, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa juu chini. Ni pazuri sana, na ni ghali sana. Kama mfuko umebana, hapa ndipo pa kukata. Tiketi za wageni kwenye maeneo makubwa hupangwa kwa bei ya juu, na tatu kati yake, yaani Ayasofya, Topkapı na hilo birika, zikijumlishwa hupita bei ya usiku mmoja kwenye hoteli ya kawaida. Pasi ya makumbusho ya siku 5 haikufai kwa siku mbili, na hata hivyo haiingizi mtu Ayasofya wala Yerebatan.

Mchana ondoka Sultanahmet. Migahawa ya pale inapikia watu ambao haitawaona tena. Panda hadi msikiti wa Süleymaniye, kazi ya msanifu Sinan iliyokamilika 1557. Ni bure, hauna msongamano, na kutoka ua wake wa nyuma unaiona ghuba ya Pembe ya Dhahabu yote. Sultan Süleyman na mkewe Hürrem wamezikwa hapo. Mbele ya msikiti kuna safu ya migahawa inayouza chakula kimoja tangu zamani: maharage meupe yaliyopikwa kwa nyanya na siagi, wali pembeni, na achari ya pilipili. Mswahili aliyechoshwa na nyama za kuzungusha atakaa hapo na kunyamaza kimya. Ukishashiba, teremka kwa miguu kupitia Soko Kuu au vichochoro vya nyuma yake hadi soko la viungo la Eminönü. Kwenye Soko Kuu bei ya kwanza ni salamu tu, na hilo mtu wa Kariakoo au Gikomba hafundishwi.

Siku ya pili fika Topkapı lango likifunguliwa, saa tatu asubuhi, na upange kukaa hapo nusu siku. Masultani waliishi hapa tangu karne ya 15 mpaka walipohamia Dolmabahçe mwaka 1856. Hakikisha tiketi inajumuisha Harem, makazi ya familia ya sultani, na uanze nayo kabla vikundi havijafika. Kisha nenda moja kwa moja kwenye vyumba vya amana takatifu, si kwenye almasi. Humo kuna vazi linaloaminiwa kuwa la Mtume Muhammad, panga na vitu vingine vya enzi hizo, na msomaji hukaa akisoma Qurani bila kukatiza. Watu wanapita kwa zamu, sauti chini. Kwa msomaji Mwislamu, kama uwezo wako ni wa tiketi moja tu, hii ndiyo ya kununua. Kwa wengine ningesema Ayasofya.

Jumba hilo lina mkusanyiko wa saa pia, na hapo Mswahili atatabasamu. Waottomani, yaani hao masultani na watu wao, walihesabu saa kuanzia machweo: jua likizama ni saa kumi na mbili, na saa moja ni saa moja ya usiku. Utaratibu huo uliachwa rasmi na serikali ya Uturuki mwaka 1926. Sisi tungali nao.

Alasiri usiingie jengo lolote. Shuka Eminönü, gusisha kadi yako na upande kivuko cha kawaida cha abiria kwenda Üsküdar au Kadıköy, kama dakika 20. Meli za kitalii zinazopigiwa debe pale gatini hazikuongezei kitu ambacho kivuko hakina: chai kwenye gilasi ndogo yenye kiuno, shakwe wanaofuata vipande vya mkate wa simit, na mlango-bahari wa Bosporasi wenyewe. Ukishuka Üsküdar, tembea ukingoni hadi panapoonekana Mnara wa Binti, Kız Kulesi, ukae mpaka magharibi. Jua huzama nyuma ya mji wa kale. Kurudi, panda treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari tangu 2013. Kutoka Asia hadi Sirkeci, Ulaya, ni kituo kimoja.

Mengine yaache. Mnara wa Galata una foleni ndefu kwa mandhari ambayo Süleymaniye inakupa bure. Dolmabahçe inataka siku ya tatu. Nafasi moja ningeibadilisha kwa anayependa ziara: Eyüp, penye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, panafikika kwa tramu ya T5 kutoka Eminönü na panaweza kuchukua mahali pa Yerebatan na Soko Kuu siku ya kwanza.

Wajanja wapo. Mng'arisha viatu atadondosha brashi mbele yako. Ukimwokotea, atakusafisha viatu kwa shukrani kisha adai fedha. Kijana mcheshi anayekualika baa ya rafiki yake jioni ana bili yako tayari. Anayekuuliza unatoka wapi karibu na Msikiti wa Buluu ana binamu mwenye duka la mazulia. Jibu kwa adabu ukiwa unatembea. Fedha badilisha madukani mjini, kiasi kidogo kidogo, maana lira hushuka thamani. Uwanja wa ndege badilisha ya nauli tu.

Ndege za kurudi Afrika Mashariki mara nyingi huondoka jioni, saa ambayo barabara zimeziba. Yako ikiwa ya saa mbili usiku, saa tisa alasiri uwe umeshatoka hotelini, na uende kwa treni.