Kukarabati nyumba kuukuu ya shamba ukiwa unaishi ndani yake

Ukihamia kwenye nyumba ya shamba iliyokaa miaka bila mtu, usinunue rangi. Nunua buti, koleo na turubai kubwa, halafu ungoje mvua inyeshe. Mvua moja nzito ya masika itakuonyesha kila kitu: inapoingia, inaposimama, ukuta upi unakunywa maji na upi umeshashiba.

Nyumba yetu iko Lushoto, juu milimani kwenye Usambara, mwendo wa kona nyingi kutoka Mombo. Ni nyumba ya kizamani: msingi wa mawe, kuta nene za mawe na udongo, milango ya mbao za mkulo, bati lililokula kutu. Wengi walinishauri niibomoe nijenge ya tofali za sement. Sikuwasikiliza, na sababu yangu kubwa ni ile milango. Mkulo siku hizi huupati kirahisi. Misitu ilivunwa tangu enzi za Wajerumani, na mti wenyewe hukua polepole mno. Kuna fundi alijitolea "kunisaidia kuiondoa" bila malipo. Nikamwambia ahsante, baba, iache hapo hapo ilipo.

Chagua chumba kimoja chenye paa zima, uhamie humo na vitu vyako vyote. Mlangoni ning'iniza turubai, maana vumbi la lipu kuukuu huingia mpaka kwenye sukari. Jiko liwe nje. Darini, kama kuna popo, usifagie kinyesi chao kikavu: kinyunyizie maji kwanza, funga barakoa, ndipo ukizoe. Katika chumba cha pili kilichokauka sisi hatukulala. Kilichukuliwa na maharage na mahindi, kwa sababu mahindi yaliyokaa kwenye unyevu huota kuvu na kuleta sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Sement nayo ikapata kona yake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko uliolala sakafuni hugeuka jiwe kabla hujaufungua.

Kazi ya nyumba itafuata kalenda ya shamba, utake usitake. Masika, Machi hadi Mei, hakuna mwenye akili timamu anayefungua paa. Mwezi Juni mvua zimekwisha, lakini vibarua wote wako kwenye mavuno yao, na wewe mwenyewe una viazi ardhini. Kwa hiyo paa tulilifanya Januari, kabla ya kuandaa mashamba, na kuta tukaziachia miezi ya baridi. Jua la Lushoto wakati wa kipupwe ni dogo, na lipu ya chokaa hupenda kukauka taratibu.

Paa ndilo la kwanza. Ukinunua bati, kumbuka geji huenda kinyume: namba ikipungua, bati linanenepa, hivyo geji 28 ni nene kuliko 30. Kenchi zilizooza tulibadilisha kwa mbao za paini kutoka upande wa Shume. Paini bila dawa ni chakula cha mchwa, basi dai zilizotiwa dawa, na zile ncha unazokata zipake dawa upya kabla hazijapanda juu. Kisha mifereji ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 10, ni kama lita 800. Bila mfereji, maji yote hayo yanachimba msingi wako. Ukiweka mfereji na tenki, unamwagilia kabichi.

Upande wa mlimani chimba mtaro, maji yanayoteremka yaipite nyumba pembeni. Udongo uliorundikana ukutani miaka yote uondoe, maana hapo ndipo mchwa hujenga njia zao bila kuonekana.

Sasa kuta, na hapa nitabishana na mafundi wengi. Ukuta wa mawe na udongo usiupige lipu ya sement. Sement ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, na baada ya misimu michache lipu huachia vipande vizima na udongo wa ndani. Fundi kijana alinitazama kama mtu wa ajabu. Mzee mmoja jirani, ambaye baba yake alikuwa mwashi, ndiye aliyemwelekeza: "Mwanangu, huu upe chokaa." Tuliloweka chokaa kwenye pipa usiku kucha, tukachanganya ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga safi, ukuta ukamwagiwa maji kwanza, tukapiga tabaka mbili nyembamba. Tabaka ya kwanza iache ishike vizuri. Zote mbili zinyunyizie maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na uzikinge jua. Vaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa inaunguza ngozi, na machoni ni hatari zaidi.

Malipo ya fundi yaende kwa hatua, kila hatua mkiwa mmeitazama pamoja. Chai na mihogo ya saa nne usiihesabu kwenye malipo.

Umeme, sakafu na dari nzuri ni mambo ya baadaye. Sebuleni kwetu sakafu bado ina nyufa na wageni wanakunywa chai bila malalamiko. Na wewe uliyerithi nyumba ya babu huko shambani, kabla hujaleta watu wa kuibomoa, mwite mwashi mzee wa hapo kijijini azikague kuta na apande darini. Akisema inafaa, anza na bati.