Kumpata Mrithi wa Adapta ya Kinasa Sauti cha Zamani

Kinasa sauti cha kubebwa cha miaka ya 1960 hadi 1980 kikinyamaza, aghalabu tatizo liko upande wa umeme: adapta imepotea, waya umekatika shingoni, au tundu limeota kutu. Huko Muthara, Tigania Mashariki, katika kaunti ya Meru, chombo cha namna hii kikitolewa kabatini kwa kawaida hutolewa kwa sababu ya kanda zilizowekwa pamoja nacho: mzee akisimulia kwa Kimeru, kwaya ya kanisa, hotuba za harusi. Sauti hizo hazina nakala nyingine, kwa hiyo kazi hii inastahili subira. Adapta iliyokuja na mashine haitengenezwi tena wala hapana haja ya kuisaka. Kinachosakwa ni mambo manne: volti, upande wa chanya na hasi, ampia, na plagi inayoingia.

Volti hujulikana kwa kuhesabu mawe ya betri. Kila jiwe lina volti 1.5, nayo hupangwa kwa kufuatana, hivyo manne ni volti 6, matano ni 7.5, sita ni 9. Philips EL 3300, iliyoleta kaseti duniani mwaka 1963, hutumia matano. Uher 4000 Report ya Ujerumani, mashine ya kanda za gurudumu, nayo hutumia matano, ila ya ukubwa wa tochi kubwa. Nagra III ya Stefan Kudelski, iliyotengenezwa Uswisi kuanzia mwaka 1958, humeza mawe 12, yaani volti 18. Tofauti hizo zatosha kuonyesha kwa nini adapta ya jirani haiaminiki kwa kuwa tu plagi yake imeingia vizuri.

Upande wa chanya na hasi ndio unaoua mashine nyingi. Redio na vinasa sauti vingi vya Kijapani vya zama hizo vina hasi katikati ya tundu na chanya pembeni, ilhali adapta nyingi za leo, zikiwemo za ruta za intaneti, zina chanya katikati. Umeme ukiingia kinyume, transista na kapasita huweza kufa papo hapo. Alama huchorwa karibu na tundu: duara dogo lenye nukta katikati, mstari mmoja ukielekea kwenye jumlisha na mwingine kwenye toa. Kama alama imefutika, mawe yatolewe yote, mita ya umeme iwekwe kwenye mlio wa kupima mwendelezo, ncha moja iguse pini ya katikati ya tundu na nyingine iguse vyuma vya mwisho vya chumba cha mawe, kimoja kimoja. Chuma kitakacholia kitaeleza: kikiwa ni kile cha upande wa hasi, basi katikati ni hasi. Adapta nayo ipimwe kabla ya kuunganishwa, hata kama ni mpya na lebo yake inasomeka.

Ampia hazina ugumu. Mashine huchukua inachohitaji tu, kwa hiyo adapta yenye uwezo mkubwa haina madhara, ila iliyo dhaifu hufanya mota isuesue na sauti iyumbe. Kwa vinasa sauti vingi vya kaseti, miliampia 500 hadi 1,000 zinatosha.

Fundi wa redio wa Maua au mjini Meru huwa na boksi la adapta kuukuu, na hapo ndipo pa kuanzia. Kisichopatikana huko kinapatikana Luthuli Avenue, Nairobi. Zile nzito zenye transfoma ndani hudanganya: iliyoandikwa volti 6 huweza kupimwa 8 au 9 ikiwa haijabeba mzigo. Zile nyepesi za kisasa hushikilia volti zake, lakini baadhi hutia mlio mwembamba katika sauti. Kwenye nyumba inayotumia sola, betri ya volti 12 ni chanzo safi kuliko zote mbili. Kwa mashine ya volti 6, kipande cha kudhibiti volti cha 7806 kilichofungwa kwenye bati la kupoza joto huishusha 12 hadi 6 bila kelele. Kibao kidogo cha LM2596 kinapoteza umeme kidogo zaidi na volti zake hurekebishwa kwa skrubu, ila skrubu hiyo izungushwe na mita ikisoma, kabla mashine haijaunganishwa.

Kuna vinasa sauti vyenye transfoma ndani, vinavyotaka waya wa tundu mbili tu. Hapo swichi ya volti, kwa kawaida nyuma au ndani ya chumba cha mawe, isomwe kwanza. Umeme wa Kenya ni volti 240, na mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 110 au 120 itaungua.

Kabla ya kuwasha, chumba cha mawe kisafishwe. Majimaji ya mawe ya kawaida ya kaboni na zinki yana asidi na huondolewa kwa magadi ya kuokea. Ya alkalaini huondolewa kwa siki. Tundu la adapta pia lina swichi ndogo inayokata mawe plagi inapoingia. Swichi hiyo ikiota kutu, mashine hukataa hata mawe mapya, na watu wengi huhukumu kwamba imekufa.

Mara ya kwanza, balbu ndogo ya tochi yenye volti zinazolingana na za mashine iunganishwe katikati ya waya mmoja wa adapta. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, ndani kuna shoti na kazi ni ya fundi. Ikififia, balbu iondolewe, mashine izungushwe bila kanda kwa dakika kadhaa, kisha kwa kanda isiyo na thamani. Kanda ya mzee huingia mwisho, waya wa sauti ukiwa tayari umeunganishwa kwenye kompyuta ili ihifadhiwe mara ileile inapochezwa. Adapta iliyokubali ibandikwe karatasi yenye volti zake, alama ya katikati na jina la mashine.