Wikiendi ya treni kwa binti wa Ipogolo

Kuna swali linalonijia kila mara: wenzetu walioko Ulaya wanaweka picha mtandaoni, Ijumaa jioni wako kwenye treni ya kwenda Bruges au Vienna, Jumamosi wanazunguka makanisa ya kale na marafiki, Jumapili wamerudi kwao. Sisi wa Ipogolo, hapa Iringa, tufanyeje? Inawezekana, mdogo wangu, na natamani kila mmoja wenu aifanye safari hiyo akiwa bado ana nguvu za kulala sakafuni kwa rafiki bila mgongo kulalamika.

Ni kweli reli ilitupita. Ile ya Mjerumani ilitoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907, kisha ikashika njia ya magharibi hadi Kigoma. TAZARA nayo ikapita Mlimba na Makambako. Kwa hiyo safari yako inaanza na basi la alfajiri pale stendi ya Igumbilo. Kaa dirishani. Utapita Lugalo, utateremka mlima Kitonga, utafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, halafu Mikumi, ambako ukibahatika utawaona twiga na tembo kutoka kwenye kiti chako bila kulipa kiingilio. Baada ya kilomita mia tatu na ushee, shuka Msamvu, chukua bajaji mpaka stesheni ya SGR, reli ya kisasa.

Treni hii ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa, na safari yako mpaka Dar ni ya saa mbili hivi. Nauli iliyotangazwa mwaka ule kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Ulizia ya sasa kabla hujapanga bajeti. Tiketi kata mapema kwa simu, maana Ijumaa watu ni wengi, na hakikisha jina ni lile lililoko kwenye kitambulisho chako. Chagua treni ya jioni. Lori moja likilala Kitonga, foleni yake inaweza kukuchelewesha saa nzima au zaidi, na treni haimsubiri aliyekwama mlimani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi: huyo rafiki unayemwendea. Wengi wenu mnapiga simu mkiwa tayari Morogoro: “Shoga, nakuja kwako.” Shoga mwenyewe amepanga chumba kimoja Mbagala, choo cha pamoja, mwenye nyumba mkali, na Jumamosi yupo zamu kazini. Mpigie wiki mbili kabla. Muulize kama ana nafasi, kama kuna mtu mwingine anayeishi naye, na kama Jumamosi yuko huru. Akisita, usimlazimishe, tafuta gesti ya heshima, mkutane mchana. Urafiki hauvunjwi na gesti.

Akikukaribisha, usiende mikono mitupu. Mpelekee parachichi, njegere na kikapu chetu cha milulu, ambacho watu wa Dar wanakipenda kweli. Ukifika, nunua umeme wa LUKU bila kuombwa, na asubuhi amka ukinge maji kabla yake. Mtu wa mshahara mdogo anaweza kukaa na njaa wiki nzima kwa sababu ya mgeni mmoja aliyekula, akaoga, akapiga picha, akaondoka. Rafiki yako hatakwambia. Wewe jua.

Halafu, tafadhali, usipange kuona Zanzibar, Bagamoyo, Kariakoo na Coco Beach ndani ya siku mbili. Ukiniuliza mimi, Jumamosi nzima ipe Bagamoyo. Ni kama kilomita 70 kutoka Dar, na daladala zipo. Anzeni Kaole asubuhi, jua halijawa kali. Pale kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Sogea karibu na nguzo hizo: utaona mashimo ya mviringo yalimokuwa yamepachikwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Mpe mwongoza wageni muda, usiwe unachati anapoongea.

Mchana nendeni misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwili wa mmisionari Livingstone ulifikishwa hapo Februari 1874, baada ya wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi mingi kutoka Chitambo, huko Zambia ya leo. Wasomeni watu hawa. Walitembea njia ambayo wengi wetu tusingeiweza. Katika mji huo huo pia walifikia watu waliofungwa minyororo kutoka bara, na mateka wengine huenda walitoka huku huku kwetu. Ukifika hapo, acha kidogo mambo ya kupozi.

Na kwa binti wa Uhehe kuna jambo la ziada. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, jeshi la Mkwawa, chifu wetu, lililivunja jeshi la Mjerumani Zelewski pale Lugalo, uliyoipita ukiwa kwenye basi. Mweleze rafiki yako mkiwa barazani, naye akueleze ya kwao.

Vaa nguo nyepesi, lakini sweta usiiache. Joto la Dar litakutoa jasho, ila ukirudi Ipogolo usiku wa Julai utaitafuta. Beba na kanga moja. Itakusitiri misikitini na itakuwa shuka ukilala.

Jumapili panda treni ya kwanza ya asubuhi, hata kama rafiki anakubembeleza mle wali wa nazi wa mchana. Ukichelewa, utajikuta Msamvu jioni unagombania siti, na Kitonga utaipanda gizani, huku Jumatatu kazi inakusubiri. Mwombe akufungie huo wali kwenye kontena, ule njiani.