Jicho Lisilosinzia

Bila shaka mmeziona kamera zilizotundikwa juu ya milango ya benki na maduka makubwa. Wengi wetu hudhani ati kuna mtu kaketi mahali akitutazama mchana kutwa. Hebu tupige hesabu. Kamera moja ikipiga picha 25 kwa sekunde, kwa siku nzima itapiga picha 2,160,000. Soja mmoja mwenye viwambo kumi mbele yake atafanya nini? Atasinzia tu! Ndiyo maana kazi hiyo ikapewa tarakilishi.

Tarakilishi haioni kama mimi na wewe. Kwake picha ni nukta nyingi mno, na kila nukta ni nambari za rangi na mwangaza. Kwanza hukariri jinsi mahali palivyo pakiwa patupu: ukuta, lango, lami. Kisha kila picha mpya huilinganisha na ile iliyokariri. Nukta zilizobadilika zikiwa kundi moja linalosogea, basi kuna kitu kinapita. Mwenye jengo anaweza kuchora mstari kwenye picha, na chochote kikiuvuka usiku, kengele inalia.

Taabu ni kwamba mti ukitikiswa na upepo nukta hubadilika pia. Kivuli cha wingu, mvua, taa za gari, hata buibui akitanda mbele ya kamera! Kwa hivyo programu za siku hizi hufunzwa kwa maelfu ya picha za watu, magari na mbwa mpaka zijue kutofautisha.

Kusoma uso wa mtu ni jambo jingine, na hapa mimi sikubaliani na wanaoisifu mitambo hii kupita kiasi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu zinazokisia kama uso ni wa mume au wa mke. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7, jamani!

Tena Januari 2020, polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata Robert Williams, mtu mweusi, maanake programu ililinganisha picha hafifu ya kamera ya duka na ile ya leseni yake ya udereva. Akalala seli. Alipoonyeshwa picha ya mwizi aliiweka kando ya uso wake. Kumbe siye! Kesi ilifutwa, naye akaushtaki mji. Mwaka 2024 Detroit ilikubali kwamba polisi wake wasimkamate mtu kwa jibu la tarakilishi pekee.