BALEGHE NA RUSHDI



Wazazi wengi wadhani kwamba mtoto akibaleghe amekwisha kuwa mtu mzima. Huku ni kuchanganya mambo mawili mbalimbali. Baleghe ni jambo la mwili, nalo huja lenyewe kwa wakati wake. Rushdi, yaani akili ya kujiongoza na kuangalia mwisho wa mambo, hutaka kufunzwa. Ndiyo maana sharia haikuamrisha yatima akabidhiwe mali yake kwa kubaleghe tu, bali ajaribiwe, mpaka ionekane kwake rushdi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamefikia maneno yaliyo karibu na hayo. Wasema kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kuzuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa mpaka mtu apindukie miaka 20. Hali matamanio hupata nguvu tangu mwanzo wa ujana. Basi kijana ni kama jahazi lililokwisha kutweka tanga, na usukani wake ungali ukichongwa.

Je, usukani huo huchongwa kwa nini? Tutazame bara, upande wa Ziwa. Katika ada za Wajaluo wa Homa Bay na Migori, mvulana akikua hupata simba, yaani nyumba yake ndogo katika boma la babake. Na zamani wasichana walilala siwindhe, wakifunzwa na bibi mzee. Kazi nazo ziligawanywa: mvulana mifugo, msichana jiko na watoto wachanga. Lakini zilikuwako nyumba zisizo na msichana wa kiasi cha kazi, ikamlazimu mama amtume mwanawe wa kiume.

Mtaalamu wa Kimarekani, Bibi Carol Ember, aliwachungua wavulana wa namna hii huko Oyugis, katika Homa Bay, na mwaka 1973 akachapisha aliyoyaona. Waliozoea kazi za ndani, kama kupika na kulea wadogo zao, walikuwa na ugomvi mchache kuliko wenzao, wala hawakupenda mno kuwatawala watu. Na tabia hiyo walikuwa nayo hata wasipokuwa kazini. Kazi za nje, kama kuteka maji na kuokota kuni, hazikuonyesha athari hiyo. Hatusemi kwamba uchunguzi wa mahali pamoja ni hukumu kwa watu wote. Lakini mwenye kumbembeleza mtoto mchanga hana budi kuangalia haja ya mwingine kabla ya yake.

Sasa tujitazame sisi. Huku mwambao mvulana hupakuliwa chakula, na sahani huondolewa na dada yake. Akinawa tu, yuko barazani. Kisha twamwoza, na twataka awe mume mwenye huruma na subira. Amejifunza wapi? Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Basi mvulana kuosha sahani ni aibu gani?

Mpeni kijana wenu kazi moja ya nyumbani ambayo wengine wataitegemea. Akikosea, mwelekezeni, wala msimnyang'anye.

Mwenyezi Mungu atuongoze.