Dondoo muhimu: Jina la biashara au kampuni?

Kabla ya kusajili biashara yako kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni Tanzania (BRELA), jiulize:

• Deni likishindikana kulipwa, nani atadaiwa? Kwa jina la biashara, ni wewe. Hata nyumba yako inaweza kuguswa. Kampuni hubeba madeni yake yenyewe, isipokuwa umeyadhamini.

• Unauza kiasi gani? Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka huilipa Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi ya makadirio kulingana na mauzo. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida.

• Utamudu gharama? Kampuni huhitaji mhasibu na ritani za kila mwaka, hata isipouza kitu.

• Mko wawili? Andikeni mkataba wa ubia kabla ya kuchanga mtaji.

Mtaji mdogo, hatari ndogo: jina la biashara linatosha. Mikopo na zabuni zikikua, fungua kampuni.