KUTAFUTA KITU ADIMU: SOMO KUTOKA NGOMENI

Wahenga walisema mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Wengi wetu hapa Shauri Moyo tukisikia habari za fizikia ya chembe twasema hayo ni mambo ya ng'ambo. Hebu tuanzie pwani yetu wenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta eksirei zitokazo angani. Huku chini hatuzipati kwa sababu hewa huzimeza.

Je, Uhuru ilishindaje vyombo vya awali?

(a) Muda. Mwaka wa 1962 kigunduzi kilipandishwa kwa roketi, kikatazama anga kwa dakika kama sita tu. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka miwili, hadi 1973.

(b) Ukubwa. Ilikuwa na vigunduzi viwili, kila kimoja kikiwa na uso wa sentimita mraba 840. Ndoo pana hukinga mvua nyingi.

(c) Utulivu. Ilizunguka karibu na Ikweta, ikakwepa sehemu zenye chembe nyingi ambazo zingekivuruga kigunduzi.

Basi vyanzo 339 vikaorodheshwa! Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2002.

Siku hizi njia iyo hiyo inatumiwa kutafuta kitu adimu zaidi, katika maabara ya CERN kule Geneva. Kuna chembe iitwayo Bs. Zikivunjika 1,000,000,000, ni kama 3 tu zinazotoa myuoni mbili bila kitu kingine. Makundi mawili, CMS na LHCb, yalitangaza pamoja mwaka wa 2015 kwamba yameliona jambo hilo. Kisha LHCb wakabadilisha vigunduzi. Tangu 2022 vinasomwa mara 40,000,000 kwa sekunde. Awali ilikuwa 1,000,000. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu hesabu ikitofautiana na nadharia, hata kidogo, basi kuna kitu kipya ambacho hakijajulikana.

Wenzangu, bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini vigunduzi vilitengenezwa na wengine. Hapa jirani, Kamukunji, mafundi hugonga bati kutwa mpaka likawa sufuria. Mikono tunayo. Tusiikimbie fizikia tunapochagua masomo.